Mama Ndoo na Bondia Wake Mmoja

Mwanamke akiachwa na mume, watu humuuliza kama ameachiwa nyumba, au angalau sufuria. Mama Ndoo aliachiwa jimu la ndondi. Na tusilipambe sana kwa kuliita jimu: lilikuwa ghala la zamani la saruji, lenye paa la bati na sakafu iliyofuka vumbi jeupe kila mtu aliporuka kamba, hata mabondia wakimaliza mazoezi walifanana na waoka mikate. Mumewe, ambaye mji mzima ulimwita Kocha Mkuu ingawa hakukuwa na kocha mdogo wa kumlinganisha naye, aligawa mali kwa haki kabisa. Kilicho kizima alikichukua. Kilichopasuka, kilichovuja na kilichopauka alimwachia mkewe.

Akahamia upande wa pili wa mji pamoja na muuza manukato, akafungua jimu jipya lenye vioo ukutani, na mabondia wote wakamfuata kama vifaranga. Siku ya kuondoka, mbele ya watu waliokuwa wakipakia magunia ya mazoezi kwenye gari, mkewe alimwuliza sasa yeye afanye nini na ghala tupu.

"Weka ndoo," Kocha Mkuu alisema. "Ndicho kitu unachokijua."

Jina lake lilitokana na ndoo hiyo. Maisha yote ya ndoa yao yeye ndiye aliyebeba ndoo kwenye kona ya mumewe: maji, sponji, barafu, taulo, na mafuta ya mgando ya kupaka juu ya nyusi ili ngumi iteleze. Shule aliiona kwa nje tu, akipita na mzigo kichwani. Lakini alikuwa akijisifu kwamba nyuso za watu anazisoma. Na ni kweli alizisoma zote, isipokuwa ule mmoja uliolala naye mto mmoja.

Mtu mwenye akili zake angempangisha ghala muuza mbao, akakaa kivulini akala kodi. Mama Ndoo alijitangaza kocha.

Alibaki na bondia mmoja, Kinyozi. Kila aliyemsikiliza aliambiwa kwamba Kinyozi amebaki kwa sababu ya utu na shukrani. Ukweli ni kwamba kibanda chake cha kunyolea kiliegemea ukuta wa ghala, na Kinyozi hakuwa mtu wa kutembea mbali kwa hiari yake. Alikuwa na mikono myepesi, ulimi mwepesi na mke mwenye ujauzito, na wanaume wa mtaa ule walimkabidhi koo zao asubuhi bila kujali kwamba jioni mkono uleule ulikuwa ukivunja pua za watu.

Mazoezi yao yangemchekesha hata maiti. Kwa kuwa hapakuwa na bondia mwingine wa kupigana naye, kocha mwenyewe alivaa mikononi padi za kupokelea ngumi na kumwambia, "Piga!" Kinyozi naye, aliyelelewa akaleleka, alipiga kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwewe.

"Piga kama mwanamume!"

"Mama, nikipiga kama mwanamume utaanguka."

"Nikianguka nitainuka. Mimi nimeangushwa na wazito kuliko wewe."

Basi akapiga. Mama Ndoo akakaa chini bila kutarajia, miguu imenyooka mbele kama mtoto anayesubiri uji. Tangu siku hiyo wakarudia kubisha hodi.

Pamoja na hali hiyo, ilipokuja habari kwamba Kocha Mkuu anamtafutia mpinzani bondia wake aitwaye Kreni, mpakia mizigo mwenye mabega ya kupitisha mlangoni kwa ubavu, Mama Ndoo alikubali kabla mleta habari hajamaliza kumeza mate.

"Tuko tayari kweli, mama?" Kinyozi aliuliza.

"Tulikuwa tayari tangu jana. Leo tumepitiliza."

Hakuwa akimfikiria Kinyozi. Alikuwa akimwona Kocha Mkuu ameshindwa mbele ya ukumbi mzima, na muuza manukato pembeni yake akijipepea. Alikuwa hata ameshauandaa uso wa siku hiyo: uso mtulivu, wa mtu asiyeshangaa, kidevu juu kidogo. Aliufanyia mazoezi mbele ya kioo cha kibanda cha Kinyozi kila alipokuwa peke yake. Uso ule ulifanyiwa mazoezi kuliko ngumi ya kushoto ya Kinyozi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa michezo, viti vya plastiki vimejaa hadi mlangoni na joto la watu limepanda darini. Kwenye kona yake Mama Ndoo alikuwa na msaidizi mmoja, mdogo wake wa kiume, fundi bomba, ambaye hakujua ndondi ila alijua kupiga kelele. Huyo ndiye aliyekabidhiwa taulo, ambalo kona hulirusha ulingoni ikikubali kushindwa. Upande wa pili alisimama Kocha Mkuu, fulana mpya, akitafuna ubani, na nyuma yake, kiti cha mbele kabisa, muuza manukato na kucha zake.

Kocha Mkuu alikuwa na msemo wake, na siku hiyo aliusema tena kwa sauti ili ufike mbali: "Bondia wangu hatupiwi taulo! Anatoka ulingoni kwa miguu yake au kwa miguu ya wenzake!"

Watu wakapiga makofi. Wanaume huupenda sana msemo huo, hasa wale waliokaa. Mama Ndoo hakupiga makofi. Waliotoka kwa miguu ya wenzao, yeye ndiye aliyewaosha. Mmoja wao, aliyekuwa mwepesi kama paka enzi zake, siku hizi anashika kikombe kwa mikono miwili na bado chai inamfikia kifuani kabla ya kumfikia mdomoni. Na hakuna aliyemlazimisha: kila mapumziko aliulizwa kama anataka kuendelea, na kila mara alisema ndiyo.

Kengele ikalia. Raundi ya kwanza Kinyozi alikuwa maji. Kreni alipiga upepo hadi upepo ukalalamika. Raundi ya pili vilevile. Mama Ndoo akajaribisha uso wake kidogo, akaona unakaa vizuri. Raundi ya tatu Kreni akaacha kumfukuza kichwa akaanza kumpiga mbavu, na mtu akipigwa mbavu vya kutosha mikono huteremka yenyewe kuzifunika. Kichwa kikabaki wazi kama mlango wa msiba. Ngumi ya kulia ikaingia, ikatoka, ikarudi kuona kama imesahau kitu.

Kinyozi alirudi kwenye kona akakaa. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba.

"Uko sawa?" fundi bomba alimwuliza.

"Sawa kabisa."

Mama Ndoo alikuwa na sponji mkono mmoja na chupa ya maji mkono wa pili. Akafanya kama walivyofanya siku zote kwenye kona ya mumewe. Ilikuwa desturi ya jimu lile: bondia akipigwa sana, kocha humwonyesha vidole na kumwuliza ni vingapi. Na Kocha Mkuu, kwa uvivu au kwa haraka, siku zote alionyesha viwili.

"Vingapi?" Mama Ndoo aliuliza.

"Viwili, mama."

Akageuka kukamua sponji, kisha akasimama. Hakuwa ameinua kidole hata kimoja. Sponji ilikuwa mkono huu na chupa mkono huu. Kinyozi alikuwa amejibu kama wanavyojibu wote, kama mtu anavyoitikia salamu bila kusikiliza kaulizwa nini.

Hapo, msomaji, ndipo pambano lilipopaswa kwisha. Alijua. Hakuna mtu mwingine ukumbini aliyejua, ila yeye alijua. Akainua macho kumtafuta refa, na badala ya refa macho yakamwangukia Kocha Mkuu. Naye alikuwa akimtazama. Akatabasamu, akainua taulo lake jeupe, akajifuta nalo jasho shingoni taratibu, upande huu, na upande huu, kisha akalikunjua na kumwonyesha, kama mchuuzi anayeonyesha kitambaa. Muuza manukato akacheka akaziba mdomo kwa zile kucha.

"Dada, usithubutu," mdogo wake alinong'ona. "Ukisimamisha sasa hivi utakuwa umemfungia zawadi na utepe juu."

Mama Ndoo akaiweka chupa chini. Kengele ikalia. Akamwacha Kinyozi akainuka akaenda.

Raundi hiyo ya nne hakuitazama vizuri. Alimtazama mumewe, yaani aliyekuwa mumewe. Alisikia tu ngumi, na sauti ya ngumi inayotua kwenye kichwa kisichojilinda ni tofauti na nyingine. Ni kavu, kama mlango wa kabati. Aliisikia mara nyingi. Kinyozi hakuanguka. Wepesi kuanguka huokoka. Kinyozi alikuwa na ubishi miguuni.

Kengele ilipolia, Kinyozi aliteremsha mikono, akageuka, akatembea kwa heshima zake zote hadi kwenye kona ya Kocha Mkuu, akakaa kwenye kiti cha Kreni. Akafungua mdomo apewe maji.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Watu walishika mbavu, wengine walipiga viti. Kreni alisimama hapo kama mgeni aliyekuta kitanda chake kimelaliwa. Kocha Mkuu akamwekea Kinyozi mkono kichwani. "Karibu nyumbani, mwanangu," alisema. "Nilijua utarudi."

Miaka yote kabla ya ndoa kuvunjika, kona hiyo ndiyo iliyokuwa kona ya Kinyozi. Miguu ilikumbuka njia. Kichwa hakikuwepo kuisahihisha.

Mama Ndoo alipita katikati ya ulingo huku anachekwa, akamshika mkono, akamrudisha. Njiani Kinyozi alimwuliza, "Tumeshinda?"

"Bado," alisema. Halafu akamwita refa, dereva wa lori la takataka siku za kazi, mtu mwema asiye na mbio za mawazo. "Refa, sisi tumemaliza. Huyu hapigani tena."

"Nani kasema?" Kinyozi akainuka kitini. "Mimi niko sawa. Kichwa ni changu, mama, si chako. Nimefanya mazoezi, mke wangu yuko pale ananitazama. Ngumi moja tu, ngumi moja inageuza kila kitu, wewe mwenyewe ndiwe uliyenifundisha."

Na kweli alimfundisha hivyo. Alikuwa amemfundisha upuuzi mwingi.

"Anatania tu huyu," fundi bomba alimwambia refa. "Wanawake na huruma zao. Mwache kijana apigane, ana haki yake."

Refa akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Kocha ni nani hapa?"

"Mimi," alisema Mama Ndoo.

"Mimi," alisema fundi bomba.

Refa akafikiri kidogo, akamtazama mwenye ndevu. "Basi kocha amesema twende," akasema, na kengele ikalia.

Kinyozi akaenda. Mama Ndoo alimgeukia mdogo wake. "Lete taulo."

"Sileti."

"Lete taulo, we mtoto wa mama yangu!"

"Mimi ni mtoto wa mama yako ndiyo maana silileti! Unataka yule bwana atuchekee mpaka kaburini?" Alikuwa ameliviringisha shingoni na kulishika ncha zote mbili, kama mtu anayejinyonga kwa hiari.

Mama Ndoo alivuta, fundi bomba akavuta. Ngumi kavu ikasikika, kisha nyingine. Dada akaliachia taulo, mdogo wake akaenda nalo chali, na yeye akachukua kilichokuwa karibu na mkono wake. Akakizungusha mara moja akakirusha ulingoni.

Ndoo iliruka na maji yake, barafu yake na sponji yake. Ilimpita refa sikioni, ikatua katikati, ikabingirika hadi miguuni pa Kreni. Refa aliteleza kwenye barafu akakaa. Kreni, aliyekuwa ameinua mkono, aliutazama ule mkono, akaitazama ndoo, akaushusha. Hakuna sheria iliyoandikwa kuhusu ndoo, lakini wote walielewa.

"Ndicho kitu unachokijua!" Kocha Mkuu alipiga kelele, na ukumbi ukarudia maneno hayo kwa mdundo, kama wimbo.

Ule uso mtulivu, wenye kidevu juu kidogo, aliutafuta akaukosa. Aliondoka na uso wake wa kila siku.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Kinyozi alikaa juu ya benchi akimwacha mkewe amkate bandeji za mikono. Hakumtazama kocha wake.

"Watu duniani kote wanatupiwa taulo," alisema. "Mimi nimetupiwa ndoo."

"Nilitafuta taulo."

"Ningeshinda."

"Ulikaa kwenye kiti cha Kreni."

"Nilichanganyikiwa kidogo! Nani hachanganyikiwi? Wewe hukuwahi kuingia nyumba ya jirani ukidhani ni yako?"

"Sijawahi. Ila kuna mtu aliwahi, na akabaki hukohuko."

Mkewe Kinyozi akacheka bila kutaka. Kinyozi hakucheka. "Kuanzia kesho nakwenda kwa Kocha Mkuu. Ni mbali, lakini nitatembea. Pale mtu anaachwa apigane pambano lake."

"Nenda hospitali kwanza, mwanangu. Jicho hilo silipendi."

"Nikamwambie daktari nini? Nimepigwa na ndoo?"

Kesho yake kibanda kilifunguliwa kama kawaida. Kinyozi hakwenda kwa Kocha Mkuu. Alisema atakwenda uvimbe ukishuka. Alikaa kwenye kiti cha wateja akijitazama kiooni, akiimba kwa sauti ili wapita njia wamwone yu mzima. Lakini walionyoa ndevu kwake kila asubuhi walipita ng'ambo ya barabara, ghafla kila mmoja kaamua kufuga. Hakuna anayetaka wembe ulioshikwa na mtu mwenye jicho moja la zambarau. Na waliosimama walisimama kwa ajili ya ndoo.

"Vipi, bwana Kinyozi, unanyolea kwenye bakuli siku hizi, au kwenye ndoo?"

Mama Ndoo aliyasikia yote kupitia ukutani, maana ghala lilikuwa tupu kabisa na ukuta mwembamba. Alikuwa akifagia vumbi lisilo na mtu wa kulitimua. Alivumilia siku hiyo, akavumilia na iliyofuata. Alimtuma mke wa Kinyozi aseme naye kuhusu hospitali, mke akarudi mikono mitupu. Mwisho aliegemeza ufagio, akaingia kibandani, akakaa kwenye kiti.

"Ninyoe," alisema.

Kinyozi alitazama nywele zake, zilizosukwa vizuri na kuchanganyika na mvi. "Mimi nanyoa wanaume."

"Mji mzima umeimba kwamba najua ndoo tu. Kichwa changu hakina heshima ya kupoteza. Ninyoe zote."

"Kwa nini?"

"Joto."

Hakuwa amefikiri zaidi ya hapo. Alichotaka ni kuona mkono ule ukifanya kazi kwa karibu, na jicho lile likiuongoza. Njia nyingine ya kuliona hakuijua. Ni baada ya kitambaa kufungwa shingoni ndipo akili ilipomjia kwamba ametoka ghalani kwake mchana kweupe, akampa kisogo mwanamume ambaye yeye mwenyewe alimdhalilisha mbele ya mji mzima, mwenye mashine mkono mmoja na wembe karibu na mwingine. Hongera, alijiambia. Ndiyo maana ukaolewa na yule.

Kinyozi alifumua misuko kwa hasira, akawasha mashine, akaanza upande wa kulia. Nywele zikaanguka mapajani.

"Kuna neno nataka kukwambia," Mama Ndoo alisema. "Nisipokwambia hapa sitakwambia popote."

"Sema."

"Kabla ya raundi ya nne nilikuuliza vidole vingapi. Ukasema viwili."

"Vilikuwa viwili."

"Havikuwepo. Nilishika sponji na chupa."

Mashine ikaendelea kunguruma hewani. Kiooni, Kinyozi alikuwa amesimama nyuma yake, mdomo wazi kidogo.

"Kwa hiyo ulijua," alisema. "Raundi nzima kabla."

"Nilijua."

"Ukaniacha niende."

"Nikakuacha uende. Nilikuwa namtazama yule bwana anavyojifuta jasho."

Kinyozi akazima mashine. "Mimi nimekuchukia kwa kunitoa mapema," alisema polepole, kama mtu anayehesabu chenji na kuona haitimii. "Kumbe nilipaswa kukuchukia kwa kunitoa umechelewa."

"Chukia yoyote. Hata zote mbili, nina nafasi. Ila jicho lile twende likaangaliwe."

"Nyamaza."

Kinyozi akaiwasha mashine tena. Akapitisha juu ya kisogo, akateremka, akazunguka sikio la kulia vizuri, vizuri kabisa. Mama Ndoo akaanza kufikiri kwamba labda amejitia hofu bure na nywele zake amezipoteza bure, jambo ambalo lingelingana na mambo yake mengine. Kinyozi akahamia kushoto. Akaweka kitana juu ya meza ya kioo kilipokaa siku zote. Kitana kikapita hewani, kikaanguka sakafuni.

Wote wawili walikitazama.

Kinyozi akainama akakiokota. Akasogeza mashine karibu na sikio la kushoto, akairudisha. Akaisogeza tena. Akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili. Mkono ukabaki juu, hautui.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "hapa naona masikio mawili. Upande huu moja. Na juu yake kuna kama pazia jeusi linashuka."

"Unaweza kumaliza?"

Nje mtu alipita akauliza kwa sauti habari za ndoo. Kinyozi akazima mashine, akaining'iniza kwenye msumari wake kwa kupapasa, akafungua kitambaa shingoni mwa kocha wake na kukikung'uta.

"Siwezi," alisema. "Nimeacha. Nipeleke."

Wakatoka. Mama Ndoo alipojitazama kiooni mara ya mwisho aliona nusu kichwa kitupu kama yai na nusu kichaka, na akakumbuka kwamba hospitali iko upande wa pili wa mji, na njia fupi inapita mbele ya jimu jipya lenye vioo. Akaifuata njia fupi. Kocha Mkuu alikuwa mlangoni akitafuna ubani, akaacha kutafuna.

Kwenye foleni muuguzi alikuja na kalamu yake, akawatazama mmoja baada ya mwingine, macho yakatua kwenye kile kichwa.

"Mgonjwa ni nani?" aliuliza kwa upole mkubwa, kama anavyoulizwa mtu mwenye kichaa.

"Huyu," Mama Ndoo akamwonyesha Kinyozi.

"Na yeye pia, dada," Kinyozi akasema. "Ila wake hauna dawa."

Daktari alimulika jicho kwa tochi ndogo, akamulika tena, akaacha utani. Alisema ngozi ya nyuma ya jicho imeanza kubanduka, kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Haijabanduka yote. Wataishika leo hii, lakini angechelewa siku chache zaidi pasingekuwa na cha kushika. Kisha akasema kitu cha mwisho bila kuinua macho: ulingo basi. Si mwaka huu tu, basi moja kwa moja.

Mama Ndoo alisubiri nje, mkono juu ya nusu ya kichwa iliyokuwa ikipata baridi. Alihesabu mali yake: ghala moja, mabondia hakuna. Alijaribu kukasirika akashindwa, na hilo lilimkera, maana hasira ndiyo kitu pekee alichokuwa amekitunza vizuri tangu aachwe.

Kinyozi alitolewa jioni, jicho limefungwa pamba na bandeji, mkewe amemshika upande mmoja. Alimkuta kocha wake kwenye benchi lilelile.

"Bado uko hapa? Nenda kwa kinyozi mwingine akumalizie hiyo aibu."

"Siendi kwa mwingine."

"Daktari kasema jicho litachukua muda. Utakaa hivyo muda wote huo?"

"Nitavaa kitambaa."

"Watakucheka."

"Watanicheka hata nikinyolewa vizuri, mwanangu. Sogea nikushike, hapa kuna ngazi."

Kinyozi alisita. Bado alikuwa amekasirika, na ilionekana angekasirika kwa muda mrefu, pengine miaka. Akatoa mkono wake wa pili akaushika mkono wa Mama Ndoo, kwa nguvu kuliko alivyowahi kupiga zile padi.

"Ngazi ziko ngapi?" aliuliza.

"Tuteremke tu," alisema. "Zikiisha nitakwambia."